Tinti kwenye taa za magari: Mambo ya kujua kwa wenye magari wa Rusizi na wanaovuka mpaka

RUSIZI – Kuweka tinti kwenye taa za mbele na za nyuma ni pambo linalopendwa na wenye magari wengi, hasa vijana na wafanyabiashara wanaotaka gari lionekane jipya. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi na haihitaji vifaa vikubwa. Hata hivyo, kwa gari linalofanya safari kati ya Kamembe, Bukavu, Bugarama na Kigali, pambo hilo linaweza kumgharimu mwenye gari cheti cha ukaguzi, fidia ya bima, mzigo na hata maisha ya watu.

Makala haya yanaeleza tinti ya taa ni nini, inapunguza mwanga kwa kiasi gani, sheria za eneo hili zinasemaje, na mwenye gari afanye nini ikiwa taa zake tayari zimetiwa giza.

Ni vyema kutofautisha mambo mawili. Tinti ya vioo vya milango na ya nyuma ni suala la nani anaonekana ndani ya gari. Tinti ya taa inahusu dereva kuona barabara na gari lake kuonekana na wengine. Makala haya yanazungumzia hiyo ya pili.

Aina za tinti

Aina ya kwanza ni karatasi ya plastiki inayobandikwa juu ya taa. Huuzwa kwa rangi nyeusi, ya moshi, ya njano, nyekundu au buluu. Katika biashara hiyo, namba ya tinti kwa kawaida huonyesha mwanga unaopita na si mwanga unaozuiwa. Tinti ya 35 inapitisha takriban asilimia 35 ya mwanga na ile ya 20 inapitisha asilimia 20. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, giza ni kubwa.

Aina ya pili ni rangi ya kupuliza. Hii ni hatari zaidi kwa sababu fundi hana njia ya kupima unene wake. Taa ya kulia inaweza kupata tabaka mbili na ya kushoto tatu, na kuiondoa bila kukwaruza plastiki ni kazi ngumu.

Aina ya tatu ni taa nzima iliyotengenezwa ikiwa na rangi ya moshi. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kuna taa nyeusi zilizobuniwa na kupimwa zikiwa hivyo, ambapo balbu na vioo vya ndani vimepangwa ili mwanga utoke wa kutosha. Taa iliyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E na namba ndani ya duara, iliyochorwa kwenye kioo chake. Taa isiyo na alama yoyote ya kupimwa haimpi mnunuzi uthibitisho huo, hata kama inafanana na ile ya kiwandani. Vilevile, taa yenye alama ikibandikwa karatasi juu yake si taa ile iliyopimwa tena.

Aina ya nne si tinti kwa maana kamili, lakini huenda pamoja nayo: balbu za rangi, hasa za buluu. Rangi hiyo hupatikana kwa kuchuja sehemu ya mwanga, na mwanga wa buluu unaomweka ni alama ya magari ya dharura katika nchi nyingi.

Kwa nini watu huweka

Sababu ya kwanza ni urembo, na hiyo inaeleweka. Sababu ya pili husemwa mara chache. Tinti huficha kasoro. Taa iliyopasuka ikagundishwa, au iliyogeuka njano kwa jua, haionekani vizuri chini ya karatasi nyeusi. Mnunuzi wa gari lililotumika anapoona taa zenye giza, afikirie pia uwezekano huo.

Sababu ya tatu ni kwamba gari limenunuliwa likiwa hivyo. Magari mengi ya eneo hili yamewahi kutumika katika nchi nyingine, na aliyeyapamba huko hakuwa akifikiria ukungu wa Nyungwe.

Hesabu ya mwanga

Mwanga unaofika mbali hupungua kwa kufuata mraba wa umbali. Maana yake ni kwamba ukipunguza nguvu ya taa kwa nusu, umbali unaoangazwa kwa kiwango kilekile cha mwanga haupungui kwa nusu, bali unabaki takriban asilimia 71. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini inatoa picha nzuri.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao umekuwa mfano wa sheria za nchi nyingi, unataka taa kubwa ziangaze barabara angalau mita 100 mbele, na taa za kupishana angalau mita 40, usiku na hali ya hewa ikiwa nzuri.

Tuchukue taa za kupishana zinazofikisha mita 40 kamili. Zikibandikwa karatasi inayopitisha nusu ya mwanga, zinabaki na takriban mita 28. Kwa tinti ya 35 zinabaki mita 24 hivi, na kwa tinti ya 20 zinabaki karibu mita 18.

Sasa linganisha na umbali wa kusimama. Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, ameshapita mita 25 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami iliyolowa, breki zenyewe zinaweza kuhitaji mita 35 nyingine. Jumla ni mita 60. Kwa mwendo wa kilomita 40, jumla hiyo hushuka hadi mita 32 hivi.

Kwa maneno mengine, hata taa safi za kupishana hazimtoshi dereva wa kilomita 60 wakati wa mvua. Anayezifunika anajipa mita 24 za kuona na mita 60 za kusimama. Mtu anayetembea kando ya barabara, baiskeli iliyobeba ndizi au lori lililoharibika litaonekana wakati breki haziwezi tena kusaidia. Kilomita 60 ni mwendo wa kawaida, na ndio uliowekwa kwenye vidhibiti mwendo vya magari ya abiria na malori nchini Rwanda.

Taa za nyuma na viakisi

Wengi hudhani taa za nyuma hazina madhara makubwa kwa sababu dereva hazitumii kuona. Taa hizo zipo kwa ajili ya aliye nyuma, na ni yeye anayepata hasara ya kwanza.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zinatofautisha taa ya nyuma ya kawaida na taa ya breki kwa nguvu ya mwanga. Taa ya kawaida inatakiwa kuwa na kandela 4 au zaidi katikati, na ya breki inatakiwa kuanzia kandela 60. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia dereva wa nyuma kwamba gari la mbele linasimama. Taa ya breki ya kandela 60 ikifunikwa kwa tinti ya 35, inabaki na kandela 21. Usiku, aliye nyuma anaweza kuidhania kuwa taa ya kawaida yenye nguvu kidogo. Mchana wa jua kali anaweza asiione kabisa.

Karatasi nyekundu ikifunika taa nzima ya nyuma, indiketa ya rangi ya chungwa nayo hugeuka kuwa nyekundu. Aliye nyuma hushindwa kujua kama gari linakata kona au linafunga breki.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni viakisi, ambavyo kwa Kinyarwanda huitwa utugarurarumuri. Hivi havina balbu. Hurudisha mwanga wa gari linalokuja, na kwa hiyo mwanga huo hupita kwenye tinti mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Karatasi inayopitisha nusu ya mwanga huacha kiakisi na robo tu ya nguvu yake. Tinti ya 35 huacha takriban asilimia 12, na tinti ya 20 huacha asilimia 4. Lori likizimika usiku, betri ikiisha na taa zote zikafa, viakisi na pembetatu ya tahadhari ndivyo vinavyobaki kulilinda.

Barabara za Rusizi

Wilaya ya Rusizi, iliyoanzishwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 kwenye sehemu ya uliokuwa mkoa wa Cyangugu, ina mazingira ambayo hayasamehe taa dhaifu.

Barabara kuu ya kwenda Huye na Kigali hupita katika msitu wa Nyungwe, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwenye kona nyingi, mvua na ukungu. Barabara ya kusini huteremka kutoka Kamembe hadi bonde la Bugarama, zaidi ya mita 500 chini, na hutumiwa na malori ya kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Ipo pia barabara ya kandokando ya ziwa Kivu kwenda Karongi na Rubavu, nayo ni ya milima na kona.

Eneo hili liko karibu na mstari wa ikweta. Giza huingia karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na huingia haraka. Gari linalochelewa mpakani alasiri linaweza kujikuta msituni usiku bila dereva kupanga hivyo. Kwa mfanyabiashara wa Rusizi, safari ya usiku ni sehemu ya kazi.

Sheria zinasemaje

Nchini Rwanda, Amri ya Rais Na. 85/01 ya tarehe 02/09/2002 kuhusu usafiri wa barabarani iliweka masharti ya taa kwa kila aina ya chombo. Msingi wake ni kwamba taa za mbele ziwe nyeupe au za njano, na taa za nyuma ziwe nyekundu. Gari linalotoa mwanga mwekundu mbele, au ambalo taa zake za nyuma zimegeuka nyeusi, haliwezi kupatana na msingi huo.

Ruhusa ya rangi ya njano mbele ina historia. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za njano tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993, na sheria za nchi nyingi zinazotumia Kifaransa zilitambua rangi zote mbili. Hata hivyo, taa ya njano iliyotengenezwa hivyo si sawa na taa nyeupe iliyobandikwa karatasi ya njano nzito.

Upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya barabarani ni Na. 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na nchi hiyo ilijiunga na Mkataba wa Vienna mwaka 1977. Burundi ina sheria ya mwaka 2012. Tanzania inatumia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na Kenya inatumia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Lugha za sheria hizo zinatofautiana, lakini wazo ni moja: mbele mwanga usiobadilishwa kuwa mwekundu, nyuma mwekundu, na taa zionekane kwa umbali. Mkataba wa Vienna unataka taa za nyuma zionekane kutoka mita 300, na namba ya gari isomeke usiku kutoka mita 20. Taa ya namba iliyotiwa giza ni kosa linalojitegemea.

Anayevuka mpaka akumbuke kwamba sheria inayomhusu ni ya nchi aliyomo, na si ya nchi iliyosajili gari. Kusema kwamba taa hizo zimekubaliwa nyumbani si utetezi mbele ya askari wa trafiki wa nchi ya pili. Pia hali ya mipaka hubadilika. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, ukiwemo wa Ruhwa, na Bukavu iliingia mikononi mwa kundi la M23 Februari 2025. Dereva anayekwenda upande wa pili wa mto Rusizi aulize kwanza ni mamlaka ipi inayosimamia barabara na inadai nini. Gari lenye kasoro inayoonekana kwa macho humpa kila anayelisimamisha sababu ya kulichelewesha.

Ukaguzi wa magari

Rwanda hukagua magari kupitia vituo vya Polisi ya Taifa. Kwa miaka mingi kituo kikuu kilikuwa Remera, Kigali, na baadaye vikaongezwa vituo vya mikoani, kikiwemo cha Huye. Taa ni miongoni mwa vitu vinavyopimwa kwa mashine, kwa nguvu ya mwanga na kwa mwelekeo wake.

Mashine haina upendeleo wa urembo. Taa iliyofunikwa inaweza kukosa nguvu inayotakiwa, au moja ikapishana na nyingine. Kwa mwenye gari wa Rusizi, kufeli kunamaanisha kuondoa tinti na kurudi kupimwa tena, ikiwa ni pamoja na safari nyingine ya zaidi ya kilomita 100 kupitia Nyungwe endapo amepimia Huye. Apige hesabu ya mafuta, posho ya dereva na siku ambazo gari halikuingiza fedha. Mara nyingi jumla hiyo itazidi kwa mbali bei ya karatasi.

Bima na biashara

Bima ya dhidi ya mtu wa tatu ni lazima Rwanda, na magari yanayovuka mipaka hutumia Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka 1987 na unaozijumuisha Rwanda, Burundi, Kongo, Uganda, Kenya na Tanzania. Mpango huo unamlinda aliyeumizwa na gari la kigeni. Haumlipi mwenye gari kwa gari lake mwenyewe wala kwa mzigo wake.

Hapo ndipo tinti inapoleta mgogoro. Katika ajali ya kugongwa kwa nyuma, kwa kawaida aliye nyuma huonekana kuwa ndiye mwenye kosa. Ikithibitika kwamba taa za breki za gari la mbele zilikuwa zimetiwa giza, lawama inaweza kugawanywa. Bima kubwa nayo huwa na masharti ya kuweka gari katika hali salama na kutoa taarifa ya mabadiliko. Mwenye gari asome mkataba wake kabla ya ajali.

Anayeajiri madereva ana wajibu wa ziada. Dereva hana uwezo wa kuongeza mwanga ambao tajiri ameufunika, lakini yeye ndiye atakayekuwa kwenye usukani msituni.

Magari ya usukani wa kulia

Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Taa za kupishana hutengenezwa ziangaze zaidi ukingo wa barabara na kumwepuka anayekuja. Gari lililotengenezwa kwa barabara za kushoto, kama lile la Japani au lori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, likiendeshwa Rwanda humulika upande wa anayekuja na kumpofusha.

Baadhi ya madereva hujaribu kutatua tatizo hilo kwa kutia tinti taa yote. Matokeo yake ni kupoteza mwanga wa barabara huku mwelekeo mbaya ukibaki vilevile. Njia inayofaa ni kufunga taa za upande sahihi au, kwa safari fupi, kubandika vipande maalumu vinavyofunika sehemu ndogo tu ya kioo inayoelekeza mwanga kwa anayekuja. Hivyo ndivyo madereva wa Uingereza hufanya wanapovuka kwenda Ufaransa.

Nini cha kufanya

Kwanza, ondoa karatasi. Ipashe joto kidogo, ivute taratibu, kisha safisha gundi bila kutumia petroli au kemikali kali, kwa sababu plastiki ya taa hupasuka vipasuko vidogo.

Pili, angalia hali ya plastiki yenyewe. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilieleza mwaka 2018 kwamba taa zilizofifia na kugeuka njano zinaweza kutoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Gari la zamani linaweza kuwa na tinti ya asili ambayo hakuna aliyeiweka. Taa hizo husuguliwa kwa msasa laini unaolowekwa maji, zikang'arishwa na kupakwa kinga ya jua. Bila kinga hiyo hugeuka njano tena.

Tatu, usifidie tinti kwa balbu yenye nguvu zaidi. Balbu kubwa huongeza joto ndani ya taa, huchosha nyaya, na inaweza kuwapofusha wengine. Balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa iliyobuniwa kwa halojeni nazo hutawanya mwanga mahali pasipotakiwa.

Nne, pima mwenyewe. Simamisha gari usiku mahali tambarare na salama, hesabu hatua 40 kubwa mbele, weka mtu aliyevaa nguo nyeusi na uone kama anaonekana kwa taa za kupishana. Kisha nenda nyuma, mwambie mwenzako akanyage breki, na uangalie kama tofauti inaonekana wazi. Rudia jaribio la breki saa sita mchana.

Tano, unaponunua gari, tafuta alama ya E au ya kiwanda kwenye kila taa, na ulize kwa nini taa zimetiwa giza. Ikiwa muuzaji hataki karatasi iondolewe kabla ya malipo, huenda kuna ufa chini yake.

Mwenye gari anayetaka urembo bado ana sehemu nyingi za kupamba: rangi ya bodi, rimu, viti na redio. Taa ni kifaa cha usalama kama breki, na kabla ya kupanda Nyungwe jioni zinapaswa kuwa safi, zisizofunikwa na zenye mwelekeo sahihi.